Mvua Iliyonipigisha Simu

Mwezi huu sina somo la mahaba. Nina aibu yangu mwenyewe, na nimeona bora niitoe hadharani, maana najua wengi wenu mnayo kama hiyo kifuani.

Mnajua mwenzenu niliwahi kuishi Uarabuni. Nilikuwa nafanya kazi duka la mizigo Deira, Dubai, na kulala Sharjah, ghorofa ya sita, kwa sababu kodi huko ni nafuu kidogo. Miaka mitatu nilijinyima, namtumia mdogo wangu pesa anijengee nyumba. Siku niliyotaka picha ya nyumba, nikaletewa picha ya msingi ulioota majani. Pesa kazila zote! Nikamwambia maneno mazito, nikakata simu, sikumpigia tena kwa miezi saba. Hata Idi ya tarehe 10 Aprili 2024 ilipita hivyohivyo.

Sasa sikieni ubaya wangu. Mdogo wangu analima Rufiji, na mwezi huohuo mto ulifurika, nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti yakazama. Niliona kwenye taarifa ya habari. Badala ya kushtuka nikasema moyoni, “Mungu si Athumani, kanilipia.” Kisha nikalala usingizi mnono.

Jumanne tarehe 16 anga la kwetu likageuka kijani, halafu giza. Jamani, Dubai kwa kawaida haifikishi milimita 100 za mvua kwa mwaka mzima. Safari ile, uwanja wa ndege ulipata zaidi ya 140 ndani ya saa 24, na kule Al Ain zilipimwa zaidi ya 250, kiasi kisichowahi kuandikwa nchini humo tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949. Jangwani mifereji ya kumeza maji yote yale itoke wapi? Magari yalielea kama madumu, na wapo waliopoteza maisha. Jengo letu umeme ukakatika, lifti ikafa, na maji mlangoni yalifika kiunoni.

Jioni mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yangu, mama mmoja wa Kihindi ambaye miaka yote tulisalimiana kwa kichwa tu. Kashika mshumaa na sahani ya wali na dengu. Akaniuliza, “Nyumbani kwenu umeshawaambia kwamba uko salama?”

Nikakosa jibu.

Nikatoka roshani, nikanyoosha mkono kwenye mvua. Marehemu mama yetu alitufundisha kwamba mvua ni rehema, na dua ya wakati wa mvua hairudi. Nikafungua mdomo niombe, nikakwama. Kama maji ya Rufiji yalikuwa hukumu kwa mdogo wangu, haya ya mlangoni kwangu yalikuwa hukumu kwa nani? Kwa huyu mama aliyeniletea wali? Wallahi nililia. Nilikuwa nimemfanya Mungu karani wa madeni yangu!

Simu ilikuwa na chaji asilimia tisa. Nikapiga. Ikaita mara mbili tu.

“Dada! Tumesikia huko kwenu mafuriko, nakupigia tangu asubuhi hupatikani!”

Kumbe yeye mwenyewe alikuwa amehifadhiwa darasani na wanawe, mpunga wote umekwenda na maji. Na bado alikuwa ananitafuta mimi. Tukaulizana afya, tukaombeana, nikasalimiana na watoto mmoja mmoja. Nyumba hatukuitaja. Chaji ikaisha.

Sitawadanganya, pesa yangu hadi leo haijarudi yote. Deni ni deni, na tunalizungumza taratibu, kidugu. Kusamehe hakukufuti haki yako. Ila nilichojifunza usiku ule ni kwamba haki yangu naweza kuidai mwenyewe kwa mdomo wangu, bila kulifurahia janga la ndugu yangu na kulipachika jina la Mungu.

Nawe unayenisoma, kama yupo ndugu, shoga au mume wa zamani ambaye msiba wake ulikufurahisha, hata kwa siri, usisubiri maji yafike mlangoni kwako. Mpigie leo, muulize tu kama yu mzima.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.