Fedha za timu zisiishie kwenye plasta

Msimu wa mechi unapokaribia, viongozi wa timu za mipakani, kuanzia Kobero hadi Mugina, huanza kuchangisha fedha za jezi, mipira na nauli. Siku hizi orodha hiyo ina kitu kingine: boksi za plasta pana za kufungia vifundo vya miguu, au enka kama wachezaji wanavyoita. Vijana wamewaona wachezaji wa Ulaya kwenye televisheni wakifungwa plasta nyeupe, nao wanataka wafungwe. Nia ni njema. Hata hivyo, tunaona fedha hizo haziendi mahali pake.

Enka huteguka pale unyayo unapopinda kwa ndani na kano za upande wa nje zikavutwa kupita kiasi au kukatika. Plasta iliyofungwa na mtu aliyefundishwa huzuia kupinda huko, hilo hatulipingi. Lakini mchezaji akikimbia na kutoka jasho, plasta hulegea, na ndani ya nusu saa huwa imepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Kipindi cha pili anacheza na pambo. Mechi ikiisha plasta hutupwa, na Jumapili ijayo inunuliwe nyingine. Na ni timu ngapi za vilimani zenye mtu anayejua kuifunga?

Kipo kifaa cha kuvaa chenye mikanda ya kukazia, na vingine vina vibao viwili vya plastiki kushoto na kulia kwa enka. Mchezaji hukivaa mwenyewe juu ya soksi, hukikaza tena wakati wa mapumziko, hukifua, na hukitumia msimu mzima au zaidi. Kwa kuzuia kuteguka tena, hakizidiwi na plasta. Mwaka 1994 madaktari wa Afrika Kusini walitoa matokeo ya utafiti juu ya wachezaji wa soka 504. Miongoni mwa waliowahi kuteguka, waliovaa kifaa hicho waliteguka tena mara chache sana kuliko wasiovaa. Kwa ambao hawakuwahi kuumia, tofauti haikuonekana. Kwa hiyo si lazima kuwavalisha wote kumi na mmoja. Wavalishwe waliokwisha kuumia, maana aliyeteguka mara moja ndiye aliye karibu zaidi kuteguka tena.

Mwandishi wa tahariri hii alisoma ukimbizini, Ulyankulu mkoani Tabora. Huko enka ilifungwa kwa kipande cha kanga kuukuu, ikakandwa kwa maji ya moto siku ileile, na mwalimu wa michezo akasema, "Rudi uwanjani, wewe si mtoto." Aliyeambiwa hivyo bado mguu humsumbua akipanda mlima. Maji ya moto siku ya kwanza huzidisha uvimbe. Yanayofaa ni ya baridi, na mguu uinuliwe. Asiyeweza kutembea hatua nne, au anayeumia mfupa wa kifundo ukibonyezwa, apelekwe kupigwa picha. Sisi tuliorejea tumekuja na mengi mema kutoka kule, ila ubabe huu ungebaki kulekule.

Liko pia zoezi lisilo na gharama yoyote: kusimama kwa mguu mmoja, kisha kufumba macho, kisha kupokea mpira ukiwa umesimama hivyo, dakika chache kila siku kwa wiki nane au zaidi. Limeonekana kupunguza kuteguka tena. Mwalimu anaweza kulifanyisha kabla ya mazoezi, hata kwa timu za wasichana ambazo kwa kawaida boksi la plasta haliwafikii.

Tunazungumza pia na wafanyabiashara wanaovuka kwenda Kigoma na Kasulu. Kijana anayecheza Jumapili ndiye anayebeba mizigo yenu Jumatatu, na enka iliyolegea humwangusha penye mteremko akiwa na gunia kichwani. Mnapofuata jezi na viatu, ulizeni na vifaa hivi kwenye maduka ya michezo na ya dawa. Pimeni kwanza mguu wa mchezaji, maana kikubwa hakishiki na kidogo huchubua. Kwa timu moja, viwili au vitatu vya saizi tofauti vinatosha kuanzia.