Kimo si Urefu: Rai kuhusu Istilahi za Eneo

Wapo wanaodai kwamba istilahi za jiometri katika Kiswahili ni pambo tu, kwa kuwa hesabu ni tarakimu, si maneno. Rai yetu ni kinyume cha hiyo. Katika kutafuta eneo la maumbo, neno lililochaguliwa vibaya huzaa jibu potofu.

Tuchukue shamba lenye umbo la msambamba, yaani umbo la pande nne ambalo pande zake zinazotazamana ziko sambamba. Kitako chake kina mita 10, upande wa mshazari mita 6, na umbali wa wima kutoka kitako hadi upande unaokikabili ni mita 5. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba eneo ni "urefu mara upana" atazidisha 10 kwa 6, apate mita za mraba 60. Eneo halisi ni 50. Atakayelinunua shamba hilo kwa hesabu ya kwanza atalipia ardhi isiyokuwapo.

Kosa hili halitokani na uzembe. "Urefu" hutumika kwa kamba iliyolala na kwa mtu aliyesimama. "Kimo" hakina utata huo: hatumpimi mtu kimo akiwa ameinama, bali humsimamisha wima kwanza. Kwa hiyo kanuni ya "kitako mara kimo" hubeba maelezo yake yenyewe. Pembetatu nayo, kwa kuwa ni nusu ya msambamba wenye kitako na kimo kile kile, hapa ingekuwa na mita za mraba 25.

Hali kadhalika duara. "Nusukipenyo" hujieleza, "rediasi" hukaririwa. Duara likikatwa vipande vyembamba mithili ya vya chungwa, kisha vikapangwa kimoja juu kimoja chini, hukaribia kuwa mstatili ambao urefu wake ni nusu ya mzingo na upana wake ni nusukipenyo. Nusukipenyo kikiwa sentimeta 7, na pi ikikadiriwa kuwa 22/7, nusu ya mzingo ni sentimeta 22, na eneo ni sentimeta za mraba 154.

Hatusemi kila neno la mkopo litupwe. "Pi" yenyewe ni mkopo, nayo inatufaa. Tunalosema ni kwamba istilahi ipimwe kwa swali moja: je, inamwonyesha mtoto kitu cha kupima?

Swali hili lina uzito nchini Tanzania, ambako wanafunzi wengi hujifunza hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha huingia sekondari na kukuta Kiingereza. Asiyekielewa kimo kwa lugha anayoimudu, atakielewaje kwa lugha ambayo bado anajifunza? BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, lina dhamana ya kusanifisha istilahi. Idara za Kiswahili nazo zisiwaachie wanahisabati peke yao mzigo huu, kwani kosa la mita 10 za mraba lilianzia katika neno.