Mapacha wa Tawa na Majina ya Bibi Zetu

Mpwa wangu mmoja, mwalimu kwa kazi yake, alioa miaka michache iliyopita huko Tawa, mji wa soko ulio upande wa milima ya Mbooni katika Kaunti ya Makueni. Mkewe ni Mkamba aliyesilimu kwa ridhaa yake mwenyewe, na wazazi wake wangali Wakristo. Vuli iliyopita Mwenyezi Mungu aliwaruzuku mapacha, mabinti wawili, kwa usiku mmoja. Alhamdulillahi, furaha ilikuwa kubwa pande zote mbili. Lakini haikutimia siku ya tatu ila ugomvi wa majina ulizuka, ukateremka na barabara ya Mombasa hata ukafika barazani kwetu.

Shangazi za watoto walikuwa wamekwisha kuchagua. Walitoa katika simu majina mawili ya Kiarabu cha tamthilia za televisheni, yanayotofautiana kwa herufi moja tu, kwa hoja kwamba mapacha sharti wafanane hata kwa majina. Kule Tawa, bibi mzaa mama, ambaye Wakamba humwita susu, naye alikuwa na yake. Yule wa kwanza alizaliwa usiku wa manane, basi aitwe Nduku, ambalo ndilo jina la susu mwenyewe. Yule wa pili alizaliwa mvua ya kwanza ikipiga mabati, basi aitwe Mumbua.

Shangazi mkubwa aliposikia alishika kichwa. "Majina ya kikafiri hayo! Mtoto wa Kiislamu ataitwaje Nduku?"

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana halikusemwa katika nyumba hiyo peke yake. Watoto wetu siku hizi huoana na watu wa bara, na wa bara huja kuoa na kuolewa kwetu. Kila mtoto azaliwapo katika nyumba kama hizo, swali ni hilo hilo: jina lipi ni la dini, na lipi ni la ukafiri?

Hebu tuanze na dini yenyewe. Tulivyofunzwa chuoni ni kwamba mtoto huadhiniwa sikioni, na siku ya saba huchinjiwa akika, hunyolewa nywele na hupewa jina. Kwa binti ni mnyama mmoja, kwa hiyo mapacha wa kike ni wanyama wawili. Ama jina, lililotiliwa mkazo ni maana yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimbadilisha jina binti aliyeitwa Asiya, akamwita Jamila. Asiya huyo si yule mke wa Firauni; jina hili lilikuwa la ain na sad, na maana yake ni mwenye kuasi. Jina lilikuwa Kiarabu safi, na hata hivyo lilikataliwa. Na upande wa pili, kila aliyesoma nahau anajua kuwa Ibrahim, Ismail, Yusuf na Maryam ni majina ambayo wanazuoni wa lugha huyaita ya ajami, yaani asili yake haikuwa Kiarabu. Basi Uarabu wa jina haukuwa ndio mizani.

Wako pia wasemao kuwa jina lisilojulikana ni aibu kwa mtoto. Hao nawarudisha kwenye Sura ya Maryam. Nabii Zakaria alipobashiriwa mwana katika uzee wake, aliambiwa kuwa huyo ataitwa Yahya, na kwamba hakuna aliyewahi kupewa jina hilo kabla yake. Ugeni wa jina ulitajwa kuwa ni heshima.

Sasa tuyatazame majina ya susu. Wakamba ni Wabantu kama sisi tulivyo kwa lugha, na maneno yao na yetu ni ya tumbo moja. Sisi twasema usiku, wao husema utuku. Humo mwatoka Mutuku kwa mwanamume na Nduku kwa mwanamke. Sisi mvua, wao mbua. Humo mwatoka Wambua na Mumbua. Sisi mgeni, wao mueni. Na Mueni ni jina la wasichana wengi wa Ukambani. Sisi njia, wao nzia. Na Nzilani ni yule aliyezaliwa mamake akiwa njiani.

Je, na sisi hatukufanya hivyo hivyo? Aliyezaliwa usiku tulimwita Chausiku. Aliyezaliwa wakati wa mvua tulimwita Mwamvua au Masika. Aliyezaliwa Ramadhani aliitwa Saumu, wa Ijumaa Mwajuma, wa sikukuu Mwanaidi. Bibi zetu waliobeba majina haya walisali sala tano, walisoma maulidi, walilea masheikh. Hapana aliyewaambia kuwa wana majina ya kikafiri. Nduku ni Chausiku, na Mumbua ni Mwamvua. Aliyekasirikia la kwanza amelikasirikia la pili bila ya kujua.

Wala hatukuanza kujuana na Wakamba jana. Katika karne ya kumi na tisa misafara yao ya pembe iliteremka hadi Mombasa, na Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara mkubwa wa zama hizo, ndiye aliyempokea Krapf nyumbani kwake mwaka 1849. Watu waliobadilishana pembe na nguo, hapana ajabu wakifanana katika kuita watoto.

Na desturi ya kumkaribisha mtoto pia inatazamana na yetu. Marehemu Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini za Kiafrika kuwa kwa Wakamba mtoto alipewa jina siku ya tatu. Mbuzi alichinjwa na wanawake wakakusanyika. Kesho yake baba akamvika mtoto mkufu shingoni, na hapo ndipo alipohesabiwa kuwa mtu kamili. Kabla ya hapo alikuwa bado ni wa ulimwengu wa mizimu. Hiyo itikadi ya mizimu sisi hatuna haja nayo, wala mke wa mpwa wangu hanayo tena. Lakini mtu anaweza kuiacha itikadi akabaki na jina la bibi yake, kama sisi tulivyobaki na Mwamvua.

Sisemi kuwa kila la zamani ni jema. Pwani yetu imewahi kuita watoto Tabu, Shida, hata Mtumwa. Siti binti Saad, fahari ya taarabu, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Siti alilipata baadaye, na ndilo lililobaki. Ukambani nako kuna Wayua, jina la aliyezaliwa wakati wa yua, yaani njaa, kwa watu ambao hawajaisahau ile njaa kuu ya Ngomanisye ya mwishoni mwa miaka ya 1890. Jina la namna hiyo lina historia yake, lakini mzazi ana haki ya kulikwepa. Mumbua je? Tawa ni nchi ya kutegemea mvua, na mvua za vuli ndizo wakulima wa Ukambani wanazozitumainia zaidi. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika sehemu nyingi za nchi kavu za Kenya. Mtu wa huko akimwita mjukuu wake Mvua, anamshukuru Mungu kwa neno moja.

Tuje kwenye upacha wenyewe. Majirani zetu wengi wana majina maalumu ya mapacha. Kwa Waganda wasichana ni Babirye na Nakato. Kwa Wajaluo ni Apiyo na Adongo. Tanzania tunawajua Kurwa na Doto. Majina hayo humwambia kila mtoto nani alitangulia na nani alifuata. Sisi Waislamu wa pwani tumezoea Hassan na Hussein kwa wavulana, ingawa wajukuu hao wa Mtume hawakuwa mapacha: mmoja alizaliwa mwaka wa tatu wa Hijra, wa pili mwaka wa nne. Kwa wasichana hatuna jozi iliyoshika hivyo, na ndiyo maana watu hukimbilia majina ya herufi moja. Na hapo ndipo pana hatari. Mabinti hawa watakuwa na baba mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, sura moja. Ukiwapa na jina linalokaribia kuwa moja, umewaachia nini cha kuwatenga? Karani atawachanganya, mwalimu atawachanganya, na wao wenyewe watakua wakiitikia wito usio wao. Mapacha wamekwisha kugawana tumbo. Angalau kila mmoja awe na jina lake.

Jambo la karani si dogo katika Kenya ya leo. Kuzaliwa kwatakiwa kuandikishwa katika miezi sita, na chini ya mpango wa Maisha Namba ulioanza 2023, nambari apewayo mtoto anapoandikishwa ndiyo atakayokwenda nayo maisha yake yote. Babu wa Tawa, mtu wa busara, aliniambia kwa simu: "Mwalimu, mimi sina neno na dini ya binti yangu. Naogopa jina la Kiislamu litawasumbua wajukuu wangu wakienda kutafuta kitambulisho." Sikuweza kumwambia kuwa hofu yake ni ya bure. Waislamu wengi wa pwani na wa kaskazini wameulizwa vyeti vya mababu pale ambapo wengine hawakuulizwa. Februari 2025 Rais Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kuufuta uchunguzi huo wa ziada kwa watu wa Kaskazini Mashariki, na kutangazwa huko peke yake ni ushahidi kuwa ulikuwako. Basi upande mmoja waliogopa jina la bara lisiwatoe watoto katika dini, na upande wa pili waliogopa jina la dini lisiwatoe katika nchi. Wote wawili walikuwa wakiwaogopea watoto.

Nilikwenda kwa shangazi mkubwa, nikamwambia, "Shemeji, niwie radhi. Marehemu mama yako aliitwa nani?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwamvua."

Sikuongeza neno. Kwetu mtoto akipewa jina la bibi yake huwa ni somo wake, na Wakamba nao huwapa wajukuu majina ya bibi za pande mbili, wa kuumeni kwanza, kisha wa kuukeni. Kwa kawaida upande wa pili hungoja hadi binti wa pili azaliwe. Mapacha wa kike wamemwondolea kila mtu kungoja.

Siku ya saba walichinjwa mbuzi wawili. Yule wa usiku wa manane aliandikwa Nduku, kwa jina la susu wake wa Tawa. Na yule wa mvua aliandikwa Mwamvua, kwa jina la mamake shangazi. Majina ya baba na ukoo yakafuata, kama sheria itakavyo. Sasa nasikia susu humwita Mwamvua wake Mumbua, na shangazi, yeye aliyeshika kichwa, akimbeba Nduku humwita Chausiku. Watoto huitikia yote kwa kilio kile kile.

Wazee walisema jina jema hung'ara gizani. Wewe msomaji uliye na mjukuu njiani, kabla hujaifungua simu kutafuta jina, muulize kwanza mamako jina la mamake. Kisha vuka uende ukamuulize mkweo.