Hujaji, mfuko wa kulalia uache nyumbani



Ndugu msomaji, kila msimu wa Hijja ukikaribia, wazee wetu wa Ngara na Biharamulo huniuliza: "Mwanangu, usiku wa Muzdalifa tunalala chini, nje, hakuna hema. Ninunue ule mfuko wa kulalia wenye zipu, wa watalii?" Wana haki ya kuuliza. Mtu aliyezoea baridi ya milima ya Ngara mwezi wa sita ataogopa kulala nje. Na kujiandaa ni katika dini. Ibn Abbas amesimulia kuwa amri ya kuchukua masurufu, aya ya 197 ya Suratul Baqara, iliteremka kwa sababu ya watu wa Yemen waliokuwa wakienda Hijja mikono mitupu, wakidai wanamtegemea Allah, kisha wakifika wanaombaomba.

Pamoja na hayo, mimi nasema usiubebe.

Makka si Ngara. Katika miezi ya joto hata usiku nyuzi hukaribia 30. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka. Ukijifungia ndani ya mfuko huo jasho halikauki, joto linabaki mwilini. Halafu ni usiku mmoja tu, kwani Mina kuna mahema. Kwa usiku huo mmoja utabeba kilo moja au mbili, na ukiukunja ukiwa na jasho utakuwa unabeba fangasi.

Msidharau kilo moja. Kutoka Arafa hadi Muzdalifa ni kama kilomita 9. Mabasi na treni yapo, lakini wengi hujikuta wanatembea. Juni 2024 joto katika Msikiti Mtukufu lilifika nyuzi 51.8, na mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki. Serikali ya Saudia ilisema wengi wao hawakuwa na vibali, na walitembea mwendo mrefu juani bila kivuli. Mzee wa miaka 70 mwenye presha au kisukari, kilo hiyo aibebe kama lita moja ya maji. Aongeze pakiti chache za ORS, dawa zake kwenye mkoba wa mkononi (si kwenye sanduku!) na mwavuli. Mwavuli hauna tatizo kwa aliyehirimia, Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifunikwa kivuli cha nguo akirusha mawe.

Cha kulalia, chukua mkeka mwepesi wa kukunja na shuka moja ya pamba. Shuka hufuliwa na kukauka upesi, nawe utasali ukiwa na uhakika wa tohara yake. Mwanamume ajifunike hadi mabegani, kichwa akiache wazi. Ile mifuko mingi ina kofia, na usingizini utajifunika bila kujua. Mwenye kisukari asiende peku hata hatua kumi. Akague nyayo zake kabla ya kulala, maana lengelenge dogo kwake ni jambo kubwa.

Na aliye dhaifu kweli, Mtume aliwaruhusu wanyonge wa familia yake kuondoka Muzdalifa usiku, kabla ya msongamano. Mzee, mwambie kiongozi wa msafara wako mapema, msiwe bado mnaulizana kule.

Katikati ya miaka ya 2030 Hijja itaangukia majira ya baridi ya kule. Hapo, inshaallah, tutazungumza habari ya blanketi.

Wabillahi tawfiq.