Mwandishi wa Mkoani Anahitaji Msomaji Kabla ya Tuzo

Mwaka 1945, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya ndefu kwa Kikerewe. Alikuwa amesoma seminari ya Rubya, Bukoba, na mila na historia ya kwao alizijua kwa kina. Wachapishaji hawakuona soko la kitabu cha lugha yenye wasemaji wachache, hivyo alirudi mezani akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, kwa juzuu mbili. Mwaka uliofuata Kitereza alifariki. Mswada wake ulikuwa umesubiri miaka 35.

Kisa hiki tumezoea kukisimulia kama kisa cha uvumilivu wa mtu mmoja. Kwangu kinasema zaidi kuhusu upweke. Kisiwa hichohicho kilimtoa mwandishi Gabriel Ruhumbika, na kilimtoa Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo mwaka 1944. Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Ni kweli nyakati zilikuwa zimebadilika: nchi ilikuwa huru, Kiswahili kilikuwa kimeshika hatamu, na yeye aliandika kwa Kiswahili tangu mwanzo. Lakini Kezilahabi alipita pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati ambapo fasihi ilijadiliwa pale kwa hamasa na vijana waliokuwa wakiandika walisomana, wakabishana, wakachokozana. Kitereza hakuwa na mduara wa namna hiyo. Marafiki wachache wa mswada wake walikuwa wamisionari na watafiti wa kigeni waliopita kisiwani na kuondoka.

Sasa mchukue mwalimu wa sekondari wa Sumbawanga, au muuguzi wa Tunduru, mwenye daftari tatu za hadithi kabatini. Tumfanyie nini? Kwa miaka ya karibuni jibu letu limekuwa moja: tuzo. Mwaka 2014 ilianzishwa Tuzo ya Fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, na washindi wake wa kwanza, wakiwamo Anna Manyanza na Mohammed Khelef Ghassany, walitangazwa mwaka uliofuata. Mwaka 2023 serikali ya Tanzania, kupitia Taasisi ya Elimu, ilitoa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, na serikali hugharimia uchapishaji wa kazi yake. Sitazibeza tuzo hizi. Katika nchi ambayo mchapishaji huishi kwa vitabu vya kiada, na ambayo riwaya ya Kiswahili isiyoteuliwa kwa ajili ya shule huweza kulala dukani miaka, kulipia uchapishaji wa kitabu cha hadithi ni jambo kubwa. Zaidi ya hapo, tuzo imeirudishia kazi ya uandishi heshima ambayo ilikuwa inapotea.

Hata hivyo tuzo hufika mwishoni mwa safari. Inampokea mwandishi akiwa tayari ameshika mswada uliokamilika. Haimwambii yule wa Tunduru kwa nini hadithi yake haisomeki kupita ukurasa wa pili. Akishindwa, hupata kujua tu kwamba ameshindwa. Mwaka unaofuata hutuma mswada uleule akiwa amebadilisha jalada.

Kinachomfaa ni kitu kidogo kuliko tuzo na kigumu zaidi kupatikana: watu wanne au watano wanaosoma kazi yake ikiwa bado mbichi, mara kwa mara, na wanaomwambia ukweli. Mfano wa jinsi kazi hiyo inavyokwenda ni huu. Mwanafunzi wa uandishi analeta hadithi inayoanza hivi: "Ilikuwa siku ya Jumatatu, majira ya asubuhi, jua likichomoza kwa mbali huku ndege wakiimba nyimbo tamu, ambapo Neema aliamka na kupiga mswaki." Yeyote aliyewahi kusoma insha za shule anaijua sentensi hii. Msomaji mwema hamcheki. Anamuuliza: Neema anaamka akiwa na shida gani? Wanafunua kurasa pamoja, na katika ukurasa wa nne wanakuta kwamba Neema ameuza shamba la marehemu baba yake bila kumweleza mama. Hadithi inaanzia hapo. Kurasa tatu zinaondoka, na aliyeziandika anaumia, lakini anaona. Kisha wanafika kwenye mazungumzo. Mama mkulima anasema, "Mwanangu, ni jambo lipi lililokusibu hata ukafikia uamuzi huu?" Mmoja anasema kwamba huyo si mama wa kijijini, ni mtangazaji wa redio. Wanaisema sentensi kwa sauti, kila mtu kwa namna yake, mpaka inabaki: "Umeuza? Shamba la baba yako?" Mwandishi anaandika hayo maneno pembeni kwa kalamu ya risasi. Saa moja ya namna hiyo ina faida kubwa kuliko hotuba ya siku nzima kuhusu dhamira na maudhui.

Katika ushairi wetu wa vina na mizani jambo hili la kusomana na kukosoana lina mizizi mirefu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi, na ukurasa ule uligeuka kuwa shule. Mtu alitunga, akatuma kwa posta, likachapishwa. Mwingine asiyemjua, mkoa mwingine kabisa, akamjibu kwa beti, akikosoa hoja na utunzi kwa pamoja. Shaaban Robert alikuwa mmoja wa waliopitia kurasa zile. Watu husahau kwamba kizazi kile hakikuwa cha pwani peke yake. Amri Abedi, aliyetoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alikuwa wa Ujiji. Saadani Kandoro naye wa Ujiji. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma. Huyu alikuwa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na kupitia chama hicho ngonjera zilienea katika shule za nchi nzima baada ya Azimio la Arusha. Tanganyika ya enzi za Mambo Leo haikuwa na simu ya mkononi wala barabara ya lami kutoka Kigoma. Bado mshairi wa Ujiji alijua kwamba akizidisha mizani moja katika mshororo wa tatu, yuko mtu Tanga atakayeihesabu kwa vidole na kumwandikia.

Hata ugomvi uliwajenga. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 kwa mashairi yasiyofuata vina, walinzi wa arudhi walimjia juu. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, waliochapisha pamoja Malenga wa Bara mwaka 1976, waliingia katika mjadala huo wakatetea upana wa ushairi, na mwaka 1979 wakaandika Kunga za Ushairi. Pande zote mbili zilitoka zikiwa zimelazimika kufikiri. Leo mshairi akiandika kwa mkondo wowote, hapati hata mtu wa kumpinga.

Wasiwasi wa kwanza utakaotolewa ni kwamba vikundi hufa. Ni kweli, vingi vimekufa mikononi mwa viongozi waliogombania mihuri na akaunti za benki. Lakini upo mfano wa karibu wa kikundi ambacho hakikufa. Katikati ya miaka ya 1990, wanawake wa Uganda wakiongozwa na Mary Karooro Okurut walianzisha FEMRITE, chama cha waandishi wanawake. Goretti Kyomuhendo alikuwa mratibu wake wa kwanza. Walipata wafadhili, ndiyo, na walichapisha vitabu vyao wenyewe. Lakini uti wa mgongo wao ulikuwa ni mkutano wa kila Jumatatu jioni katika nyumba yao ya Kampala, ambapo mtu huleta kazi, wenzake huisoma na kuichambua, na Jumatatu inayofuata hurudi na kazi iliyorekebishwa. Mwaka 2007 Monica Arac de Nyeko, mmoja wa wanachama wake, akawa Mganda wa kwanza kushinda Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika. Beatrice Lamwaka aliingia orodha fupi ya tuzo hiyohiyo mwaka 2011. Wao huandika zaidi kwa Kiingereza, na kukutana kwao Kampala kunamwacha nje mwandishi wa Arua au Kabale, kwa hiyo siutoi mfano huu kama dawa kamili. Ninachokitaka kwao ni ile Jumatatu. Siku maalumu na mahali maalumu, wiki baada ya wiki, pawe na fedha au pasiwe na fedha.

Sisi tumechagua semina. Mwezeshaji anatoka Dar es Salaam, anafikia hotelini, anawasha projekta, anaeleza sifa za mhusika mkuu kwa siku mbili. Washiriki wanapewa cheti, chai na posho, picha ya pamoja inapigwa, na basi la alfajiri linamrudisha mwezeshaji alikotoka. Sidhani kuna ubaya kwa mtu kulipwa nauli na muda wake. Ila baada ya siku mbili hizo hakuna mswada hata mmoja uliosomwa mpaka mwisho, na mwezi unaofuata hakuna atakayemuuliza mshiriki amefika wapi. Gharama ya semina moja ya hotelini ingetosha kununua chai ya kikundi cha wasomaji kwa miaka kadhaa.

Vijana wamejitafutia njia kwenye magroup ya WhatsApp, na wanastahili sifa. Mtu wa Kahama anatuma sehemu ya kumi ya riwaya yake saa tatu usiku, na kabla ya saa nne watu wameshamuuliza sehemu ya kumi na moja iko wapi. Wapo wanaouza muendelezo kwa fedha za simu, na wanauza. Hilo ni soko ambalo wachapishaji wetu walishindwa kulijenga. Linafundisha taharuki, linafundisha kumjua msomaji. Lakini ukosoaji haupo. Unasoma "hongera mkuu", "moto", "tuletee nyingine", na vidole gumba vilivyopangwa safu. Anayethubutu kusema sura ya tano ina kasoro anaambiwa ana wivu. Mwandishi anayelazimika kutoa sehemu mpya kila usiku hapati nafasi ya kurudi nyuma kurekebisha, na kurudi nyuma ndiyo kazi yenyewe.

Wapo pia wanaoamini kwamba mwandishi huzaliwa, na kwamba vikundi huwafanya watu wote waandike sawa. Hoja ya pili ina uzito. Kikundi chenye kigogo mmoja anayesikilizwa kuliko wengine kinaweza kuzaa vivuli vyake vitano. Ulinzi ni kuchanganya watu: mzee wa mashairi ya arudhi, binti anayeandika hadithi za kubuni za mwaka 2100, mwalimu wa Kiswahili anayejua sarufi, na angalau mtu mmoja asiyeandika kabisa ila anasoma sana. Huyu wa mwisho ni wa muhimu kuliko anavyojiona, kwa sababu hana ushindani na mtu. Ama ile hoja ya kuzaliwa, historia ya Ukerewe inatosha kuijibu. Vipaji vilizaliwa kisiwa kimoja. Njia zao zilitofautiana.

Mahali pa kukutania pameshajengwa. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na leo ina maktaba katika mikoa mingi. Ingia kwenye nyingi kati ya hizo saa kumi jioni utakuta wanafunzi wakijiandaa na mitihani, na meza tupu ziko nyuma. Kila halmashauri ina ofisa utamaduni, na waandishi wamo katika kazi yake sawa na wacheza ngoma. Maktaba ikifungua mlango jioni moja kwa wiki, ofisa utamaduni akasaidia kuwatafuta wanaoandika, kikundi kimeanza bila bajeti mpya. Taasisi ya Elimu nayo ina uwezo wa kufanya jambo moja litakalobadilisha mengi: kila mswada unaofika hatua ya mchujo wa mwisho katika Tuzo ya Mwalimu Nyerere urudi kwa mwenye nao ukiwa na ukurasa mmoja wa maoni ya majaji, hata bila majina yao. Wachapishaji wakubwa wa Dar es Salaam wamtume mhariri mkoani mara moja kwa mwaka, asitoe mada, akae na miswada mitatu aisome na wenyewe mstari kwa mstari. Uchapaji haukuwa wa jijini peke yake siku zote. Mitambo ya misheni ya Peramiho, Ndanda na Tabora ilitoa vitabu vya Kiswahili miaka mingi. Kwa nini leo kila mswada upande basi kwenda Dar es Salaam?

Wewe unayeandika na uko Singida, Mpanda au Nachingwea, usisubiri barua ya wizara. Watafute wenzako wawili wiki hii. Nendeni kwa mkutubi, mwombeni meza na jioni moja. Kila mmoja aje na kurasa tano, nakala moja kwa kila msomaji, na kalamu. Someni kimya kwanza. Mwenye kazi asijitetee mpaka wote wamalize kusema. Mkishamaliza, pangeni tarehe ya kurudi, na mrudi.