Gari Linaloficha Barabara

Likizo ya Juni inapokaribia, chumba chetu cha wahadhiri hugeuka gulio la magari. Wenzangu wanne, watatu kati yao wakiwa na shahada ya uzamivu, wanabishana kila saa ya chai kuhusu gari linalofaa kwa safari ya familia: mahema juu, majiko ya gesi nyuma, watoto katikati, na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mbele. Mmoja wao amekwisha kujaza fomu za mkopo kwa ajili ya Prado. Anashikilia kwamba bila fowili ya uhakika mtu hawezi kufika Mloka. Nilimuuliza mabasi ya Mbagala yanafikaje huko. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dokta, yale ni mabasi."

Naam, ni mabasi. Jibu lile limenikaa kichwani wiki nzima, na ndilo lililonifanya niandike.

Kwa msomaji asiyeijua njia hiyo, maelezo ni mafupi. Unatoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa, unapita Mkuranga, unafika Kibiti baada ya takriban kilomita 140 za lami. Hapo unakata kulia, unaiacha lami, unaifuata njia ya udongo na mchanga inayopita Mkongo kuelekea Mloka na lango la Mtemere, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Abiria wa basi la Mloka huondoka Mbagala alfajiri wakiwa na magunia, madumu, kuku na watoto wachanga. Basi hilo husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Halina kompyuta ya kugawa nguvu wala kitufe chenye picha ya mlima. Lina tumbo lililoinuka, matairi makubwa, uzito juu ya ekseli ya nyuma, na dereva anayekijua kila kidimbwi kama anavyozijua nyumba za majirani zake. Hiyo ndiyo teknolojia inayoifikisha Rufiji mjini na kuirudisha nyumbani.

Sisemi kwamba magurudumu manne hayana kazi. Nasema hatujui tunachokinunua. Neno fowili tumelitwika wanyama watatu tofauti. Land Cruiser ile ya zamani tunayoiita mkonga (na mkonga wa kwenda Mkongo ni mchezo wa maneno nisioweza kuupita, wanisamehe walimu wangu wa fasihi) ina wenzo ambao dereva mwenyewe huuvuta ili ekseli ya mbele ishirikiane na ya nyuma, na ina gia nzito ya kutambaa kwenye tope kwa nguvu nyingi na mwendo mdogo. RAV4 na X-Trail nyingi zinazojaa mitaani huvutwa na magurudumu ya mbele, na ya nyuma huitwa msaada pale ya mbele yanapoteleza. Ukiyalazimisha kuvuta mchangani muda mrefu, mfumo huo hupata joto na kujipumzisha wakati ambao wewe hutaki upumzike. Forester hugawa nguvu mbele na nyuma wakati wote, jambo zuri kwenye mvua na changarawe, lakini nyingi hazina gia nzito. Wanyama hawa watatu hutofautiana kama punda, farasi na ng'ombe, ila muuzaji wa gari bandarini huwapa wote jina moja na kuongeza bei.

Tena kuna jambo ambalo muuzaji halisemi kabisa: magurudumu manne husaidia kuondoka, hayasaidii kusimama. Kila gari hufunga breki kwa magurudumu manne. Wanaojiona salama kwenye utelezi kwa sababu ya maandishi yaliyobandikwa kwenye buti ndio tunaowakuta mtaroni.

Ninayasema haya nikiwa mmoja wa waliodanganyika. Nilinunua Forester kwa ajili ya kupiga kambi, nikaipachika kichanja juu, nikajiona mtu wa porini. Aprili moja, masika yakiwa yamekolea, nilikwenda Mkongo kwenye msiba wa baba wa mwanafunzi wangu wa zamani. Hatua chache kabla ya kijiji niliingia kwenye makorongo mawili yaliyochimbwa na matairi ya malori. Katikati yake palibaki tuta la udongo mweusi, na gari langu likalala juu ya tuta hilo kama kobe aliyewekwa juu ya jiwe. Magurudumu yote manne yalizunguka kwa utiifu mkubwa, na hakuna hata moja lililokuwa na cha kushika. Mzee mmoja alikuja na jembe begani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akainama, akachungulia chini. "Mwanangu," akasema, "miguu ya gari lako haina kosa. Tumbo liko chini."

Vijana sita walichimba lile tuta, wakatandika matawi, wakaniambia nipunguze upepo kwenye matairi ili yatandazike. Nilikuwa na shahada tatu na sikuwa na chepe.

Tukiwa katika kazi hiyo lilitokea gari kubwa jeupe, moja ya yale tunayoyaita mashangingi, injini yake ya silinda nane ikinguruma kwa upole. Likapita pembeni, juu ya majani, bila kutikisika. Likasimama. Kioo kikashuka, hewa baridi ikatoka, na bwana mmoja mwenye wadhifa, ambaye sitamtaja yeye wala ofisi yake, akatutazama kwa huruma ya kweli. Aliuliza kama tunahitaji msaada. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Lakini mbona barabara siyo mbaya sana?"

Hakuwa mwongo wala mkatili. Alikuwa anasema alichokihisi kupitia kiti chake. Kwake yeye, barabara ya Kibiti hadi Mkongo haikuwa mbaya, kwa sababu gari lilikuwa limeimeza barabara yote kwa niaba yake. Tumezoea kuyalaumu mashangingi kwa gharama zake, na lawama hiyo ni halali, lakini gharama kubwa zaidi haimo kwenye vitabu vya mahesabu. Gari hilo huificha nchi isionwe na yule aliyepewa kazi ya kuiona. Afisa anayepita Mkongo ndani ya V8 anarudi ofisini na taarifa ya V8. Yule kijana wa bodaboda aliyepita baadaye, akiwa na mama mmoja na magunia mawili ya mpunga, nauli yake ikiwa imepanda kwa sababu ya tope, hana mahali pa kuandika taarifa yake.

Tope la Rufiji si jipya. Mwanzoni mwa 1917, majeshi ya Uingereza yakimfukuza Lettow-Vorbeck hadi kwenye mto huu, mvua ilikwamisha malori na mizigo ikahamia vichwani mwa wapagazi, Waafrika ambao wengi wao hawakurudi kwao. Gari likishindwa, mzigo humwangukia mtu mwenye miguu. Hilo halijabadilika, kilichobadilika ni kwamba sasa mwenye gari lisiloshindwa haoni mzigo umemwangukia nani.

Na nani anailipia barabara hiyo? Kila lita ya petroli ina tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara. Kijana wa bodaboda anailipa. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyokuwa ikipanda kulingana na ukubwa wa injini, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita, si kwa petroli na dizeli tu, bali hata kwa mafuta ya taa. Utaniambia kwamba gari kubwa hunywa mafuta mengi, kwa hiyo mwenye nalo hulipa zaidi. Ni kweli, iwapo anajaza kwa fedha yake. Mafuta yanapojazwa na ofisi, mwenye kiti hicho cha ngozi halipi hata senti, na bibi wa Mkongo aliyenunua mafuta ya taa ya koroboi amechangia barabara kwa fedha yake mwenyewe.

Wapo watakaosema ninayachukia magari makubwa. Siyachukii. Mjamzito anayetoka vijiji vya juu masika yakiwa yamefurika, akitakiwa kufikishwa mtoni ili avuke kwenda hospitali ya wilaya Utete, anahitaji mkonga wenye gia nzito, na anauhitaji usiku huohuo. Hapo ndipo kila sifa ya gari lile inapostahili bei yake. Kasoro yangu ni kwamba siku yoyote ya semina, ukitembea kwenye maegesho ya hoteli za Dodoma, utayakuta magari ya aina hiyo yamepangwa safu kwa safu juu ya matofali yaliyofagiliwa, yakiwa yamekuja kwa lami mwanzo hadi mwisho.

Sisi watu binafsi nasi tunaiga. Rafiki yangu wa Prado hajawahi kulala kwenye hema. Anakopa miaka mitano ya mshahara wake kwa ajili ya safari ya siku nne, na kwa siku nyingine zote gari hilo litasimama kwenye foleni ya Ubungo. Tangu filamu ya Royal Tour ya 2022 tumehimizwa tuijue nchi yetu, na ni wito mwema. Ila tumeutafsiri kama amri ya kununua gari refu.

Juzi nilimwandikia ushauri wangu kwenye karatasi ya mtihani iliyobaki. Kwanza asafiri kuanzia Juni hadi Oktoba, kwa sababu kiangazi ni fowili bora kuliko zote na hakitozwi ushuru. Fedha ya mkopo aitie kwenye matairi mazuri na springi zitakazoinua tumbo la gari alilonalo. Akilazimika kununua, atafute lililo jepesi: Suzuki Jimny ina gia nzito, chasisi ya kweli, na uzito ambao vijana sita wanaweza kuuinua, ingawa watoto wake watatu na hema hawataingia humo pamoja. RAV4 ya kizazi cha kwanza, ile ya gia za mkono yenye kufuli ya difu ya katikati, ni gari la heshima akiipata nzima. Na kabla ya kulipa, ampigie simu fundi wa Kibiti, si wa Masaki, amuulize kama spea zake zipo. Gari ambalo haliwezi kutengenezwa Kibiti halifai kwenda Mloka, hata liwe na vitufe vingapi.

Aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama, badala ya yote hayo, hatungeweza kupanda lile basi la Mbagala na mahema yetu, tukakodi gari la hifadhi tukifika getini. Sikuwa nimelifikiria. Tunaondoka wiki ya mwisho ya mwezi huu, familia mbili, alfajiri. Nimemwambia awahi, viti vya mbele huisha mapema.