Tuusome Mwezi Kabla ya Kutoka



Wiki iliyopita, baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja alibaki nyuma akaniambia: "Sheikh, daktari ameniambia nina sukari na kwamba lazima nitembee. Sasa nitembee wapi? Njia za mtaani ni pikipiki tupu, na watoto nao wamefunga skuli, wanashinda na simu. Tuonyeshe mahali pa kwenda, sisi na watoto, bila ya hofu." Nilimuahidi kumjibu katika ukurasa huu, kwa kuwa swali lake ni la wengi.

Jibu langu nalianza kwa kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita niliichukua familia yangu hadi Watamu: mke wangu, watoto wetu watatu na marehemu mama yangu. Tulisali Adhuhuri, tukala, kisha tukaufuata ufuo kwa miguu. Maji yalikuwa bado mbali kidogo na miamba. Tukaizunguka miamba hiyo, tukaketi ng'ambo ya pili katika kighuba chenye kivuli, tukazungumza. Tulipogeuka kurudi, mchanga tulioupitia haukuwako tena. Maji yalikuwa yakipiga mwamba. Nilimbeba mama mgongoni. Mke wangu aliwashika watoto wawili, maji yamemfika kiunoni na buibui lililolowa limekuwa zito kama jiwe. Kijana mmoja mvuvi aliyetuona alikuja akamchukua mtoto wa tatu na kutuonyesha pa kukanyaga. Tulitoka salama, Alhamdulillahi, kwa michubuko ya miguu tu.

Mama alipopata pumzi aliniuliza: "Mwanangu, leo mwezi ngapi?"

Nikamwambia: "Kumi na sita, mama."

"Mwezi kumi na sita, nawe watupeleka kuzunguka mwamba baada ya Adhuhuri! Mwezi wausoma kwa funga. Kwa maji hukuusoma?"

Sikuwa na la kujibu. Yeye alikuwa binti wa mvuvi, wala sikumuuliza neno kabla ya kutoka. Hakukanyaga ufuoni tena mpaka Mola wake alipomchukua. Haya ninayoyaandika leo, mengi nilijifunza kwake baada ya siku ile, naye ameketi barazani akinieleza.

La kwanza ni maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na hupwa mara mbili kwa usiku na mchana, na kati ya kujaa na kupwa hupita kiasi cha saa sita. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wetu wa Kiislamu, huwa ni bamvua: maji hupwa mbali sana na hujaa juu sana, na tofauti yake katika pwani yetu hupindukia mita 3. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, kisha hurudi na kujaa karibu na saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Ndiyo maana ilipofika karibu na tarehe 8 na tarehe 22, mambo hugeuka: asubuhi ya saa nne ndipo maji yamejaa, na huwa ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu sana.

Basi kalenda iliyotundikwa ukutani kwa ajili ya kujua Ramadhani na Arafa inatosha kukupangia matembezi. Siku zilizo karibu na tarehe 1 na 15, nenda ufuoni asubuhi. Siku zilizo karibu na 8 na 22, nenda msituni. Kwa kuwa mwandamo huweza kutofautiana kwa siku moja, hakikisha saa kwa jedwali la maji linalotolewa na Halmashauri ya Bandari, au muulize mvuvi yeyote utakayemkuta akitengeneza nyavu. Kanuni ya mama yangu ilikuwa fupi: toka nayo yakitoka, rudi kabla hayajarudi. Ukianza kutembea saa mbili na nusu asubuhi siku ya bamvua, geuka ilipofika saa nne, hata kama watoto wanalia kutaka kubaki.

La pili ni mahali. Nawatajia eneo moja tu, kwa sababu lina kila kitu kwa karibu: Gede na Watamu, katika kaunti ya Kilifi. Atokaye Mombasa au Malindi hupanda matatu ya barabara kuu na kushuka makutano ya Gede. Kutoka hapo tuktuk humfikisha kokote.

Kwa wanaoanza, na hasa kwa wagonjwa na wazee, magofu ya Gede ndiyo bora. Ni mji wa Waislamu wenzetu uliokaliwa tangu karne ya 12 hadi ya 17, ukahamwa, na miti ikaumeza. Njia zake ni tambarare na zina kivuli, na kila baada ya hatua chache kuna pa kupumzika: msikiti mkuu na kisima chake, jumba la mfalme, nyumba zenye vyoo vya ndani. Lipo kaburi lililochongwa mwaka wa 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia. Mtoto anayesoma madrasa akiweza kuisoma tarehe ile mwenyewe, hatakuwa na haja ya kuambiwa kwamba babu zake walikuwa watu wa elimu. Mwaka wa 2024 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Saa moja na nusu yatosha kuuzunguka. Chakula kifungeni vyema mkobani, maana kima wa pale wamezoea watu na hawaoni haya kunyakua hamri mkononi mwa mtoto.

Karibu na hapo ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420. Humo mna mbambakofi, mti uliowapa mafundi wetu mbao za milango ya nakshi, na mna sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga. Lakini mna ndovu na nyati pia. Kwa hivyo msiingie bila ya mwongoza njia kutoka langoni, na ada yake iulizeni mapema. Ingieni alfajiri baada ya sala, jua likichomoza, wakati ndege wanaimba na joto halijapanda.

Hori ya Mida ni ya wale wasiopenda msitu mnene wala mawimbi. Lipo daraja la mbao linalopita juu kati ya mikoko, linaloendeshwa na wenyeji. Kuanzia Septemba hadi Aprili ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia hujaa matopeni kutafuta chakula. Hapa pia maji yakipwa ndipo ndege wanapoonekana vyema.

Ufuo wa Watamu uwe wa mwisho, mkishazoea. Kwa mara ya kwanza bakini kwenye ghuba moja, msizunguke miamba.

La tatu ni mwendo. Sote tunajua kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliwahimiza maimamu wapunguze sala kwa kuwa nyuma yao wamo wadhaifu, wagonjwa na wenye haja. Ikiwa sala yenyewe hupimwa kwa hali ya mdhaifu, sembuse matembezi? Mwenye kwenda polepole zaidi ndiye atangulie mbele, na sisi wanaume tufuate nyuma yake. Akichoka, safari imekwisha, bila ya kumnung'unikia. Mgonjwa wa sukari asitoke na njaa. Achukue dawa zake na tende au kitu kitamu cha akiba, avae viatu vilivyofunika vidole, na akirudi nyumbani aangalie nyayo zake, kwani jeraha dogo la tumbawe kwake si dogo.

Buibui liwe jepesi na lisiburure chini. Stara haipungui kwa pindo kutogusa ardhi. Viatu viwe raba, si ndara. Maji ya kunywa yawe zaidi ya mnayodhani yatatosha. Na safari ipangeni ili Adhuhuri iwakute mmeshafika mjini Gede au Watamu penye misikiti, kwani saa hiyo hata jua linakufukuzeni njiani.

Mama uliyeniuliza, anza na Gede, katika juma ambalo kalenda yasoma tarehe 8 au 22. Wachukue watoto, na mmoja wao umpe kazi ya kuutazama mwezi kila usiku na kukuambia bahari iko katika hali gani. Juma la mwezi mpevu litakapofika, atakuwa yeye ndiye kiongozi wenu wa kwenda ufuoni.

Na kama nyumbani mwenu yumo bibi aliyekulia pwani, kaeni naye kwanza kabla hamjatoka, mumuulize maji yatakuwaje siku hiyo. Mimi wangu nilichelewa kumuuliza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.